Soko la Dunia na Kisanduku cha Akina Mama

(Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa Jiografia katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi, Matogoro, Songea)



 Nawapongeza akina mama. Miaka kumi ya kuweka na kukopa si mchezo. Vikundi vingi huanza kwa vigelegele na kufa kimya kimya, mwenye daftari akibaki na daftari na mwenye ufunguo akibaki na ufunguo. Ninyi mmefika, na kisanduku kipo. Hongereni sana.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya utandawazi, na kwa kuwa nimefundisha Jiografia kwa miaka mingi, nieleze somo hilo linatusaidia nini sisi watu wazima. Mwenyekiti akaniambia pia kwamba katika mkutano mkuu ujao mtajadili pendekezo la kuelekeza sehemu kubwa ya mikopo ya msimu kwenye kilimo cha soya, kwa sababu soko lake limefunguka. Sikuja kuwaambia kwamba soya ni nzuri au mbaya. Nimekuja kueleza jinsi soko la mbali linavyofanya kazi, ili siku ya kunyoosha mikono kila mmoja ajue anachokinyooshea mkono.

1. UTANDAWAZI SI MGENI KWETU

Neno utandawazi lilianza kusikika sana redioni miaka ya 1990 ikielekea mwisho. Wengine wakasema ni simu na kompyuta, wengine wakasema ni vijana kuvaa hereni. Kwa maneno mepesi, utandawazi ni hali ya mambo ya mahali pamoja kuvutwa na mambo ya mahali pengine palipo mbali, kwa njia ya biashara, watu, fedha na habari. Mtu wa mbali akikohoa, wewe huku unatafuta dawa.

Neno ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la zamani. Karne ya kumi na tisa misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikapita nchi hii kwenda Kilwa. Kutoka pwani zilirudi nguo. Nguo iliyopendwa sana iliitwa merikani, na jina lenyewe linawaambia ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani kuanzia 1861 hadi 1865, pamba ilikosekana na merikani ikaadimika Zanzibar. Nguo za Bombay zikachukua nafasi yake. Maana yake ni kwamba tangu zama hizo vita vya watu tusiowajua vilikuwa vinabadilisha nguo anayovaa mama wa huku.

Baadaye wakaja Wajerumani. Viwanda vyao vya nguo vilitegemea mno pamba ya Marekani, nao wakataka pamba yao wenyewe kutoka koloni lao. Watu wakalazimishwa kulima pamba kule kusini mashariki, na Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa. Ndivyo ilivyoanza Vita vya Majimaji, ambavyo sisi wa Songea hatuhitaji kuhadithiwa. Februari 1906 mashujaa wetu walinyongwa hapa hapa mjini, na mji wetu una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka huo huo. Makumbusho ya Majimaji yapo, wapelekeni watoto. Lakini wakiwa pale waelezeni na hili: miongoni mwa vyanzo vya vita ile lilikuwa ni soko la pamba la mbali sana, ambalo mkulima hakuulizwa kama analitaka.

Baada ya hapo wanaume wetu wengi walikwenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, kwa kuwa Songea ilikuwa mbali na bandari na mazao ya kuuza yalikuwa machache. Akina mama walibaki na mashamba na watoto. Kisha mkonge nao ukaporomoka bei, kwa sababu kamba za plastiki zilianza kutengenezwa viwandani Ulaya na kwingineko.

Leo mwangalie nguo tulizovaa. Nchi yetu inalima pamba, na mwaka 1968 tulipata kiwanda cha Urafiki kwa msaada wa China. Lakini tangu mlango ulipofunguliwa miaka ya 1980, nguo za watu wengi ni mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza hadi iishe ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Simlaumu anayeuza mitumba, wako wanaosomesha watoto kwa mitumba. Nataka mwone tu kwamba bei ya blauzi pale sokoni ina mkono wa watu wengi ndani yake.

2. JIOGRAFIA INAULIZA NINI

Watoto shuleni hudhani Jiografia ni kukariri majina ya milima na mito. La hasha. Jiografia inauliza maswali matatu: kitu fulani kiko wapi, kwa nini kiko pale na si kwingine, na kimeunganishwa vipi na mahali pengine.

Tuanze na hapa tulipo. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo tunalima mara moja, tunavuna mara moja, na watu wote wana fedha wakati mmoja na wanakosa fedha wakati mmoja. Katika hii milima yetu ya Matogoro ndipo unapoanza mto Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji mpaka unaingia Bahari ya Hindi. Bandari ya Mtwara iko zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Dar es Salaam ni karibu kilomita 950.

Huo umbali ni gharama. Kila mfuko wa mbolea unaokuja na kila gunia la mahindi linalokwenda hulipa nauli. Wakati serikali ilipokuwa inanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, mkulima wa Songea alipata sawa na wa karibu na Dar es Salaam. Mikoa yetu ya Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa ikajulikana kwa mahindi. Mpango huo ulipoondolewa katika mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980, umbali ukarudi kudai chake. Mahindi ni yale yale na jembe ni lile lile, ila lori lilikuwa sasa linalipwa na mkulima.

Halafu tazameni Mbinga. Si mbali na hapa, lakini ni nchi ya miteremko mikali. Wamatengo hawakuhama, walitafuta dawa ya mteremko: wakachimba ngolo, mashimo yanayoshika maji na udongo, na nyasi kufukiwa zikawa mbolea. Baridi ya huko ikafaa kahawa. Namtumbo kwenye joto zaidi wakalima tumbaku. Wazee wetu wa Ungoni na Umatengo walisajili chama chao kikuu cha ushirika, NGOMAT, mwaka 1936, wakatambua mapema kwamba mkulima mmoja mmoja mbele ya mnunuzi wa mbali ni kidole kimoja, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo soko la dunia linapoingia, halifiki kwa kila mtu kwa namna moja. Jambo lile lile linamwinua wa mahali hapa na kumwangusha wa mahali pale. Jiografia inatusaidia kujua sisi tuko upande upi.

3. HABARI YA MBAAZI

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ulitokea karibu na wengi mnaukumbuka.

Wahindi ndio walaji wakubwa wa mbaazi duniani. Kwao hiyo ndiyo mboga ya kila siku, kama maharage yalivyo kwetu. Mbaazi yao inategemea mvua ya masika ya kwao, inayonyesha Juni hadi Septemba, na mavuno yake makubwa huanza mwisho wa mwaka. Sisi upande huu wa kusini mwa ikweta tunavuna kuanzia Julai na Agosti hivi. Maana yake mbaazi yetu inafika India wakati ghala zao zimepungua na yao haijakomaa. Hiyo ni zawadi ya jiografia, tulipewa na jua na upepo bila kuomba.

Mwaka 2014 na 2015 mvua ya India ilikuwa haba. Mbaazi ikaadimika, bei ikaruka. Huku kwetu, Tunduru, Namtumbo na mikoa ya Mtwara na Lindi, kilo ikafika shilingi 2,000 na zaidi. Watu wakajenga nyumba za bati. Wengine wakang'oa mazao mengine wakapanda mbaazi, na waliokopa walikopa kwa ajili ya mbaazi. Walikuwa na akili zao timamu. Bei ilikuwa inaonekana kwa macho.

Mwaka 2016 mvua ya India ikanyesha vizuri, na serikali yao ikawahimiza wakulima wake walime zaidi. Wakavuna kupita kiasi. Wakulima wa India sasa wakawa wanalia bei ndogo, na hao ndio wanaopiga kura India; mkulima wa Tunduru hapigi kura kule. Agosti 2017 serikali ya India ikaweka ukomo: mbaazi kutoka nje isizidi tani 200,000 kwa mwaka. Ilikuwa ni wakati ule ule sisi tuko shambani tunavuna. Bei ikashuka katika maeneo mengi hadi chini ya shilingi 500 kwa kilo, na wengine waliona heri kuiacha shambani kuliko kulipa vibarua.

Sasa sikilizeni la ajabu. Ng'ambo ya Ruvuma, mto huu unaoanzia hapa kwetu, Msumbiji walikuwa wamewekeana mkataba na India Julai 2016 wa kununuliwa kiasi maalum cha mbaazi kila mwaka kwa miaka mitano. Ule ukomo haukuwagusa. Hata kwao bei ilishuka, lakini mlango haukufungwa. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, mbegu pengine zilivuka mto kwa mtumbwi, ila ng'ambo moja kuna karatasi iliyosainiwa na ng'ambo nyingine haipo. Ndiyo maana nasema mto si maji tu. Mto ukiwa mpaka, unatenganisha sheria.

Na haikuishia hapo. Juni mwaka huo huo wa 2017, serikali yetu ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, kwa nia ya kulinda chakula. Mavuno yalikuwa mazuri na ghala zikajaa. Mkulima wa Ruvuma aliyesema "mbaazi zikinikatalia nitauza mahindi" akakuta mahindi nayo hayana bei. Zuio liliondolewa mwaka ukielekea kwisha, wakati wengi walikuwa wameshauza kwa lumbesa ili wapate ada za shule.

Mei 2021 India ikafungua tena mlango wa mbaazi, na bei zikapanda. Aliyekuwa ameng'oa mbaazi kwa hasira akaanza kutafuta mbegu. Mnaona? Mlango unafunguka na kufungwa, na ufunguo haupo Tanzania.

4. VITA MOJA, MATOKEO MAWILI

Msidhani kila la mbali ni baya. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Ni nchi ambazo wengi wetu tuliwahi kuziona kwenye ramani tu. Urusi ilikuwa inauza nje mbolea nyingi, na gesi inayotumika kutengeneza mbolea ya Urea ikapanda bei duniani. Mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ukavuka shilingi laki moja. Serikali ikaleta ruzuku msimu wa 2022/23, mfuko ukauzwa shilingi 70,000 kwa aliyejiandikisha. Kabla ya hapo wako waliopanda mahindi bila mbolea, na mavuno yakawaumbua.

Vita ile ile ikafanya Ulaya iache makaa ya mawe ya Urusi. Wakaanza kutafuta kwingine, na makaa ya Ngaka kule Mbinga yakapata wanunuzi. Malori yakajaa barabarani, yakipita Songea kuelekea bandari ya Mtwara kwa lami ya Namtumbo na Tunduru. Dereva hula, hulala, hununua vocha, hushonewa suruali iliyochanika. Mama lishe aliyekuwa anapika sahani chache alipika nyingi. Kwa hiyo katika nyumba moja vita iliweza kuchukua kwa mkono wa kulia na kutoa kwa mkono wa kushoto: baba analia mbolea, mama anachekelea wali. Kisha mwaka 2023 bei ya makaa duniani ikashuka. Aliyekuwa amekopa kwa kudhani malori yatazidi kila mwezi alilazimika kupiga hesabu upya.

Kahawa ya Mbinga ina habari ya namna hiyo hiyo. Kule Brazil kahawa nyingi ililimwa hadi jimbo la Paraná, ambako ni kusini sana na baridi ya theluji hushuka usiku. Mbinga iko nyuzi 11 tu kusini mwa ikweta, haina janga hilo. Baridi ilipounguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975 na tena 1994, bei ilipanda na Mbinga wakafurahi. Kati ya hapo, mwaka 1989, mkataba wa mataifa uliokuwa unagawa viwango vya kuuza kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Kisha Vietnam ikapanda kahawa kwa wingi, na kufikia 2001 na 2002 bei ilikuwa chini mno. Mwaka 2024 ukame ukapiga Brazil na Vietnam, na mwanzoni mwa 2025 bei ikavunja rekodi. Mkulima wa Mbinga hakubadilisha chochote katika miti yake muda wote huo.

5. KISANDUKU KINAPOKUTANA NA SOKO LA MBALI

Sasa nakuja kwenu. Kisanduku chenye kufuli tatu nacho ni mtoto wa utandawazi. Mpango wa namna hii wa wanawake kuweka hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko ulianzishwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Niger ni nchi kavu, mvua ni miezi michache, na wanaume wengi husafiri kusini kutafuta kazi baada ya mavuno. Wanawake hubaki na nyumba. Si mnaona wanavyofanana na bibi zetu walioachwa wakati wa manamba? Kwa vile shida zilifanana, dawa ilifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango huo ulishafika Tanzania, tukauita VICOBA, na kufikia 2018 ukawa umetungiwa sheria, ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha. Kwa hiyo jambo la maana lililotufikia kutoka mbali lilianzia kwa wanawake maskini kama sisi, halikutoka kwa matajiri.

Lakini kisanduku kina siri moja ya nguvu, na ndiyo siri ya udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba shida haziwapati wote siku moja. Tuseme wanachama ni thelathini, kila mmoja amekopa laki tatu. Hizo ni milioni tisa zilizo nje. Mmoja akiuguliwa na mtoto akachelewa kurejesha, wenzake ishirini na tisa wanarejesha, mfuko wa jamii unamshika mkono, na kisanduku hakitikisiki. Leo kwako, kesho kwangu.

Sasa wote thelathini wakope kwa zao moja, linalouzwa kwa mnunuzi mmoja, aliye nchi moja. Mwaka bei ikiwa nzuri, wote watacheka pamoja. Siku mlango ukifungwa, wote thelathini wanashindwa kurejesha wiki ile ile. Nani atamshika mwenzake mkono? Hapo hakuna mvivu wala mwizi, na bado kisanduku kinakufa. Na kikifa kwa namna hiyo, watu wataanza kunyoosheana vidole, jirani hatamsalimia jirani, na miaka kumi itapotea kwa jambo lililoamuliwa na watu wasiojua kama Matogoro ipo.

Turudi kwenye soya. Mkoa wetu unaongoza kwa zao hilo nchini, na udongo wetu unaifaa. Oktoba 2020 China ilikubali kupokea soya ya Tanzania. Kwa nini China inatafuta soya hadi huku? Kwa kawaida hununua Brazil na Marekani. Mwaka 2018 China na Marekani zilianza ugomvi wa biashara, na China ikaitoza soya ya Marekani ushuru wa asilimia 25. Mwaka 2025 ugomvi ukarudi, China ikakaa miezi kadhaa bila kununua soya mpya ya Marekani, halafu mwisho wa mwaka wakaelewana. Tembo wawili wakigombana, nyasi huumia. Lakini mara nyingine nyasi za pembeni hupata mbolea, mpaka tembo wapatane.

Hata hivyo soya ina jambo moja ambalo mbaazi haikuwa nalo huku kwetu. Ina mlango wa pili hapa nchini: chakula cha kuku, mafuta, na unga wa lishe ya watoto. Mnunuzi wa mbali akisita, wa karibu bado yupo, japo kwa bei ndogo. Kwa hiyo si zao la kuogopwa. Ni zao la kuwekewa mpaka.

6. MASWALI MANNE KABLA YA KUNYOOSHA MKONO

Naomba kamati iyaandike ukurasa wa kwanza wa daftari la mikopo. Mwanachama akija kuomba mkopo wa biashara au kilimo, aulizwe hivi:

(a) Mnunuzi wa mwisho yuko wapi? Si dalali anayekuja na mizani. Yule atakayeila au kuitumia bidhaa hiyo.

(b) Nani mwingine anazalisha kitu hicho, na anavuna lini? Akivuna wakati mmoja na sisi, tunagombea soko. Akivuna wakati mwingine, tuna nafasi.

(c) Inapita njia gani, na nani anaweza kuifunga? Njia ina mpaka, ina bandari, ina mto unaofurika, ina serikali yetu na serikali ya wenzetu.

(d) Ikifungwa, kuna mlango wa pili?

Jibu la swali la nne likiwa "hakuna", mkopo uwe mdogo.

Na jambo lingine nililojifunza kwenye mwaka ule wa 2017: kuwa na mazao mawili hakutoshi kama yote mawili yanapita mlango wa aina moja. Mbaazi na mahindi yalianguka pamoja kwa sababu yote yalitegemea kuvuka mpaka. Kinachohitajika ni milango tofauti. Anayelima soya kwa ajili ya mbali afuge na kuku wa kuuza Songea mjini. Mwenye mahindi awe na bustani ya mboga bondeni, bila kuharibu chanzo cha maji. Mwenye cherehani asiache cherehani kwa sababu soya ina bei mwaka huu, maana sare za shule zitashonwa hata China ikifunga mlango. Ushauri wangu, na ninyi ndio wenye mamlaka, ni kwamba zao moja lolote lisipewe zaidi ya theluthi moja ya fedha za mikopo katika mzunguko mmoja. Theluthi ikianguka tutaumia, lakini theluthi mbili zitatusimamisha.

Tena tarehe za kurejesha zifuate kalenda ya mvua yetu. Kumdai mkulima mwezi Februari, wakati mahindi yako shambani na nyumbani kuna njaa, ni kumlazimisha auze mazao machanga kwa mlanguzi. Mwenye biashara ya kila siku arejeshe kila mwezi, mkulima arejeshe baada ya mavuno.

7. HITIMISHO

Ndugu zangu, hatuwezi kuuzuia utandawazi, na wala haifai kuukataa wote. Simu tuliyonayo mkononi inatuwezesha leo kuuliza bei ya mnada kabla dalali hajafika, na tangu 2008 fedha zinatumwa kwa simu kutoka Dar es Salaam hadi kwa mama aliyeko Matogoro. Wasichana wetu wanajua mambo ambayo sisi hatukuyajua. Hayo ni manufaa, tuyachukue.

Ila tusiingie kwenye soko la dunia tukiwa tumefumba macho. Kila nchi ina mvua yake, ina baridi yake, ina wapiga kura wake na mpaka wake, na kwa tofauti hizo ndipo bei zinapozaliwa. Ramani ya dunia inauzwa kwa bei ndogo. Nawashauri mnunue moja, muitundike mahali mnapokutania, na kila mkopo unapoombwa muoneshane kwa kidole safari ya bidhaa hiyo. Wajukuu watakaokuja na bibi zao watajifunza, na bibi nao watajifunza.

Ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Wa mbaazi walinyolewa mwaka 2017, sisi tumeona. Mkutano mkuu ukifika jadilini kwa utulivu, anayepinga asionwe adui, na uamuzi mtakaoufikia uandikwe kwenye muhtasari pamoja na sababu zake, ili watakaosherehekea miaka ishirini wajue mlifikiri nini.

Nawatakia heri katika miaka kumi mingine.